Samaki Aliyestahimili Jua

Kwa mujibu wa makala mbili zilizochapishwa na tuzo moja ya kioo, kuna mjusi anayepaswa kuyeyuka kila siku ifikapo saa tatu asubuhi. Anaishi juu ya mawe na kuota jua tangu linapochomoza, lakini ngozi yake, makala zinasema, inashikiliwa na protini inayolegea kwenye nyuzi joto kumi na tisa. Kwa miaka tisa hakuna msomi hata mmoja aliyeuliza mbona mjusi huyo bado yupo, tena na ngozi yake yote. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na jibu.

Mimi si msomi. Ni fundi wa maabara, mwaka wa ishirini na sita huu kazini, na jina langu halisi linajulikana na ofisi ya utumishi peke yake. Wengine wote wananiita Mama Friji, kwa kuwa funguo za maabara na za friza kubwa zinakaa kiunoni kwangu. Nakala za funguo hizo anazo Profesa, na nadhani hata hajui ziko droo gani. Ndani ya friza kuna vichupa sitini na viwili vya unga uliotolewa kwenye ngozi na kano za kila mnyama mwenye uti wa mgongo tuliyeweza kumpata: papa, chura, kobe, bundi, popo, punda. Wote ni unga mweupe. Ukishawakausha vizuri, papa na punda hawana tofauti.

Unga huo ni kolajeni. "Hiki ndicho kinachokushikilia usimwagike," Profesa huwaambia wageni, huku akijivuta shavu. Kisha huwaeleza kwamba kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, na kwamba katika kila uzi, ukihesabu punje moja, mbili, tatu, ile ya tatu lazima iwe ndogo kuliko zote, maana katikati ya kamba hakuna nafasi ya nyingine. Hiyo ya tatu haijabadilika tangu samaki wa kwanza mpaka leo. Akizaliwa mtoto ambaye kwake imebadilika hata mahali pamoja, mifupa yake inaweza kuvunjika akiwa anavalishwa shati. Zilizobadilika ni zile nyingine, polepole, kwa mamilioni ya miaka, kila mnyama na joto la mahali pake. Wa maji baridi, kamba yake hufumuka mapema, na wa juani huchelewa. Hayo ninayajua vizuri kwa sababu nimeyasikia mara mia nne, nikiwa nimeshika trei ya chai.

Sasa, miaka tisa iliyopita umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Jenereta tulikuwa nalo, mafuta tulikuwa nayo, na mwenye ufunguo wa chumba cha jenereta alikuwa likizo, yeye na ufunguo wake. Barafu ikayeyuka, vichupa vikaogelea. Unga haukudhurika kwa kuwa vizibo vilikuwa vimekaza, lakini lebo zilikwisha. Ile kalamu maalumu isiyofutika ilikuwa imekauka wiki mbili kabla, nami nikasema, ah, kwa siku mbili tatu hii ya kawaida itatosha. Wino wote ukaenda na maji.

Profesa alikuwa nje ya nchi, kwenye mkutano. Nilikaa sakafuni na vichupa vyangu nikaviandika upya kwa kumbukumbu. Sitini nilivijua bila wasiwasi, hiki kwa ufa wake, hiki kwa kizibo cha bluu, hiki kwa sababu nilimsaga mwenyewe na mkono ukauma wiki nzima. Viwili vilikuwa mapacha. Kimoja kilikuwa cha samaki wa mto wa mlimani, anayeishi kwenye maji ya kuuma meno. Kingine kilikuwa cha mjusi wa mawe. Nilivitazama kwa muda wa kutosha kuivisha maharage, kisha nikakisia.

Ningeweza kuandika "sijui" kwenye lebo mbili. Ni neno fupi, lingeenea. Lakini Profesa aliporudi alikuta friza inang'aa, akaita idara nzima, akatangaza kwamba Mama Friji ameokoa kazi ya maisha yake. Watu wakapiga makofi. Nikapewa cheti chenye fremu. Wewe ungeanzia wapi kusema "isipokuwa viwili" na makofi yanaendelea?

Vipimo vilipofanywa, samaki wa maji ya barafu alistahimili mpaka nyuzi thelathini na tisa, na mjusi akalegea kwenye kumi na tisa. Muuza nyama yeyote angesema, jamani, mmechanganya mifuko. Profesa aliona nadharia. Aliiita Kumbukumbu ya Protini: samaki, eti, bado anakumbuka bahari ya moto ya mababu zake, ilhali mjusi kasahau. Alipoulizwa mjusi anaishije, alijibu kwamba anajificha kwenye nyufa. Nadharia hiyo ilimpeleka nchi kumi na moja na kumrudisha na ile tuzo ya kioo, ambayo naipangusa mimi kila Jumatatu.

Ningekaa na siri yangu mpaka kustaafu kama asingekuja Daktari.

Daktari ni binti wa marehemu dada yangu. Aliachwa na miaka saba, nikamlea, akaniita mama mdogo tangu siku ya kwanza. Cheo cha Daktari nilimpa mwenyewe, jikoni, alipokuwa na miaka minane na akakataa kunipa samaki nikaange mpaka amalize kumchunguza utumbo. Alikua, akasoma, akaingia kwenye maabara yetu kutafuta udaktari wa kweli. Sikumwombea nafasi mimi. Alama zake zilitosha. Profesa akampa kazi ya kueleza kolajeni ya samaki wa mito ya baridi ilivyobadilika. Sura ya kwanza ilikuwa ndogo tu, kurudia kile kipimo maarufu cha Profesa kwa samaki wabichi. Baada ya hapo ndipo angejenga mengine yote juu yake.

Mwanangu akasafiri saa nane, akasimama mtoni mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi na samaki watano kwenye boksi la barafu. Nilipoliona boksi lile, nikaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kipimo chenyewe hakina makuu, isipokuwa uvumilivu. Unayeyusha kolajeni kwenye asidi kidogo, unapata ute mzito. Unauacha uteremke ndani ya kimrija chembamba cha kioo kilichosimama kwenye beseni la maji, huku umeshika saa. Unapandisha joto nyuzi moja, unasubiri, unapima tena. Kamba zikiwa zimesokotwa, ute hujikokota. Zikifumuka, unateremka mbio. Unaanza asubuhi, unamaliza jioni, na hapo umepata namba moja.

Namba ya Daktari ilikuwa kumi na tisa.

"Umekosea," Profesa akasema, hata hakuvaa miwani. "Rudia."

Akarudia. Kumi na tisa. Pale wasiwasi wangu wa miaka tisa uliisha, ukabaki uhakika.

"Binti ana mikono mizito," Profesa akaniambia mimi, mbele yake. "Mfundishe wewe, Mama Friji. Mikono yako haijawahi kukosea."

Basi nikawa mwalimu. Nilisimama nyuma ya mtoto niliyemlea nikamfundisha kukosea, naye kwa bahati mbaya alikuwa hodari mno, hakuweza. Mara ya tatu, kumi na tisa. Nikamwonyesha namna ya kushika pipeti, ambayo alikuwa anaishika vizuri kuliko mimi. Mara ya nne, kumi na tisa, na jioni ile alilia jikoni kwetu, uso kwenye taulo la kukaushia vyombo.

"Labda mimi si mtu wa kazi hii, mama mdogo."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mikono inazoea. Sote tulianza hivyo hivyo."

Nikamchemshia chai. Nilijichukia, lakini chai ilikuwa nzuri.

Tangu siku hiyo hakujiamini tena hata kidogo. Alianza kuandika kila kitu kwenye daftari: saa aliyoingia, saa aliyotoka, nani alifungua dirisha. Jioni alipima chupa yake kwenye mizani kabla ya kuiweka kwenye friji, na asubuhi akaipima tena, eti asije akawa anamwaga bila kujijua. Nilimwona, nikamwonea huruma. Huruma ninayo nyingi, ilikuwa haijawahi kunipungukia.

Baada ya mara ya sita Profesa aliandika barua. Kipimo cha msingi kisipopatikana kufikia mwisho wa muhula, tasnifu haitakwenda kwenye utetezi. Siku mbili baadaye nilikuta fomu ya kujiondoa chuoni juu ya meza yetu ya kulia, kando ya mkate. Alikuwa ameijaza yote, mpaka saini. Ilibaki tarehe.

"Nitaipeleka Ijumaa," akasema. Hakulia safari hii, na hilo ndilo lililonikata maini.

Mtu mwenye akili timamu angesema ukweli pale pale, huku ameshika kisu cha siagi. Nilifungua mdomo, nikamwona Profesa akilini, nikaona cheti changu ukutani, nikaona watu wote waliopata shahada kwa ile Kumbukumbu ya Protini. Nikafunga mdomo. Nilikuwa na njia nyepesi zaidi. Nilikuwa na ufunguo.

"Jaribu mara moja tu, ya mwisho," nikamwambia. "Kwa ajili yangu."

Akatengeneza ute wake jioni, akaupima, akauweka kwenye friji. Asubuhi nilifika kabla hata ya mfagizi. Nilichukua unga wa kichupa kilichoandikwa "samaki", yaani mjusi wangu, ambao nilikuwa nimeshauyeyusha kwa asidi ile ile. Nikamwaga ute wa mwanangu kwenye sinki. Nikajaza wa kwangu kwenye chupa yake, kwa macho, mpaka nilipoona panafanana. Miaka ishirini na sita kazini, halafu nikajaza kwa macho.

Siku ile ute ulijikokota mchana kutwa. Ishirini, ukajikokota. Thelathini, ukajikokota. Kwenye thelathini na tisa ukateremka mbio, na Profesa, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akamshika Daktari mabega yote mawili.

"Niliwaambia! Mikono imefunguka!"

Daktari hakuruka wala kucheka. Alitazama saa, akaandika namba, akapiga mstari chini yake kwa rula. Nyumbani nilimwambia hongera, akasema asante mama mdogo, akaenda kulala mapema. Nikasema moyoni, uchovu huo, utapita. Fomu ile niliichana mwenyewe.

Utetezi ulifanyika miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili. Walikuwepo walimu watatu wa idara, Profesa kwa suti yake ya tuzo, na mtahini wa nje, mama mmoja mwembamba aliyekuja na nakala ya tasnifu iliyojaa vikaratasi vya njano. Mimi nilikaa safu ya nyuma, nimevaa gauni la sikukuu, chupa ya chai mapajani. Picha zilikuwa zinamulikwa ukutani mbele, kutoka mashine iliyokuwa nyuma yangu.

Daktari alianza vizuri, sauti imetulia. Alieleza kamba ya nyuzi tatu, punje ya tatu isiyobadilika, mito na joto lake. Kisha akaweka ukutani mistari saba. Sita ilikuwa imelaliana, na mmoja ulikuwa kando peke yake, mbali.

"Mara sita nilipata kumi na tisa," akasema. "Mara moja nilipata thelathini na tisa, ambayo ndiyo namba inayojulikana. Naomba kulieleza jopo kwamba hiyo moja siiamini."

Profesa akakohoa. "Binti, hiyo moja ndiyo sahihi."

"Shikamoo yako naipokea kwa heshima zote, Profesa, na samahani," akasema, kisha akagundua kwamba amechanganya maneno, maana yeye ndiye wa kuamkia. Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akabonyeza, ikaja picha ya ukurasa wa daftari. "Nilipoambiwa mikono yangu mibaya nilianza kupima chupa jioni na asubuhi. Siku zote uzito ni ule ule. Siku ya saba, jioni chupa ilikuwa gramu themanini na nne. Asubuhi ilikuwa themanini na sita. Ute hauzaliani kwenye friji."

Mtahini wa nje alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Unasema kilichomo kilibadilishwa."

"Ndiyo."

"Nani ana ufunguo wa maabara usiku?"

"Watu wawili. Profesa, na fundi wa maabara."

Macho yote yakaenda kwa Profesa. Hata mimi nilimtazama. Nani mwingine mwenye faida na ile thelathini na tisa? Nadharia ni yake, tuzo ni yake, barua ya kutisha aliandika yeye.

"Mimi?" akasema, na jasho likaanza kumtoka. "Mimi sijafungua friji ya maabara kwa mkono wangu miaka kumi na tano! Sijui hata inafunguka upande gani!"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Profesa alikuwa anasema jambo lisilo na kosa hata moja, na hakuna aliyemsadiki. Mwalimu mmoja alikuwa ameshaanza kuandika. Nami, nisiseme uongo, nilisikia raha. Nilikuwa nimepona. Daktari angefaulu, maana mtahini alikuwa anamtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Mjusi angerudishiwa jua lake. Profesa angestaafu mapema kidogo, na kwa maneno aliyomwambia mwanangu, sikuona ubaya. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kazi ambayo nina uzoefu nayo wa miaka tisa.

"Na fundi?" mtahini akauliza. "Yeye huwezi kumtilia shaka?"

Daktari alinigeukia, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza asubuhi ile.

"Hapana, mama. Huyo hawezi. Huyo ndiye aliyesimama na mimi mara zote sita."

Nilisimama. Chupa ya chai ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni pa mwalimu wa mbele.

"Profesa hajagusa kitu," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaambia yote. Umeme, kalamu, vichupa viwili, kisio langu, makofi. Nikawaambia kwamba yule samaki wao anayekumbuka bahari ya moto ni mjusi, na mjusi aliyesahau ni samaki. Nikawaambia habari ya sinki. Profesa alishika paji la uso na kubaki hivyo. Mtahini alikuwa anaandika haraka, kisha akaacha kuandika, akawa anamtazama Daktari tu.

Daktari hakuuliza habari ya vichupa.

"Ulijua tangu lini kwamba mimi sikosei?" akaniuliza.

"Mwanzoni nilikuwa na wasiwasi tu. Tangu mara yako ya pili nilijua kabisa."

Nilimwona anahesabu. Anahesabu kwa midomo, tangu utotoni.

"Kwa hiyo mara ya nne. Jikoni."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia mikono inazoea."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ile fomu ulipoiona mezani?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata kufukuzwa kazi nilikuwa nimejiandaa, na maneno ya kuomba msamaha nilikuwa nimeyapanga mdomoni yote, mazuri kabisa.

"Mama mdogo," akasema, kwa adabu ile ile niliyomfundisha, "naomba ukae. Unawazibia ukuta."

Nikakaa. Akabonyeza, akaendelea na sura ya nne. Waliokuwepo wanasema ndiyo sura iliyompa udaktari, tena kwa sifa, na kwamba mtahini alimwomba nakala. Mimi nilikuwa safu ya nyuma muda wote na sikusikia hata neno moja.